Jibu: Lenin, Roy na bandari yetu

Ndugu, umeuliza kama wakomunisti wa zamani walikuwa na msimamo mmoja kuhusu ukoloni, na kama unatufaa lolote leo hapa Mombasa. Msimamo mmoja? Hata kidogo. Kule Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1907, kwenye mkutano wa kimataifa wa wajamaa (walikotokea wakomunisti baadaye), van Kol wa Uholanzi alitetea kwamba chini ya ujamaa ukoloni ungeweza kustaarabisha watu! Hoja ilianguka kwa kura 127 dhidi ya 108. Hizo 108 zilikuwa za wajamaa, usisahau.

Utamu wenyewe uko 1920, mkutano wa pili wa Kominterni, yaani umoja wa kimataifa wa vyama vya kikomunisti. Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, alitaka vyama viunge mkono harakati za ukombozi hata zikiongozwa na mabepari wazalendo. M. N. Roy kutoka India akambishia: matajiri hao watapatana na mkoloni, wawatupe wakulima na wafanyakazi. Lenin akalegeza: ziungwe mkono zile za kimapinduzi kweli, na wakomunisti wasimezwe. (Roy naye alichupa mipaka aliposema mapinduzi ya Ulaya yanategemea Mashariki tu.)

Sasa njoo Kilindini, bandari yetu, uone wafanyakazi wa aina aliyowasemea Roy. Januari 1947 makuli, watu wa reli na hata wa hotelini waligoma mji mzima ukasimama. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huohuo akapelekwa kizuizini.

Leo tukizozania bandari na deni la reli mpya ya SGR, twauliza tu mwekezaji ni Mchina au Mwarabu. Roy angeuliza pia: na huku kwetu, nani anatia sahihi, na anakula ngapi?