Je, chakula cha Tusker House kinastahili bei yake?

Ndugu uliyeuliza kama chakula cha mgahawa wa Tusker House, ndani ya bustani ya burudani na wanyama ya Disney's Animal Kingdom huko Florida, Marekani, kinastahili bei yake, ningekushauri kwanza utenganishe chakula na burudani, kwa sababu mgeni hulipa kiwango kimoja, hujipakulia kadiri apendavyo, na Donald Duck, yule bata wa katuni za Disney, na wenzake hupita mezani kupiga picha na watoto. Asiye na mtoto wala hamu ya picha hizo analipia asichokitumia, na hapo mimi nasema wazi kwamba bei ni kubwa mno. Mgahawa huo upo katika kijiji cha kuigiza cha Harambe, ambacho majengo yake yaliigwa Lamu, lakini mandhari hayo yasikufanye utarajie mapishi ya pwani yetu. Chunguza nyama hasa, kwani ikikaa muda mrefu chini ya taa za kupashia moto hukauka. Ni afadhali kufika watu wanapokuwa wengi na sinia zinabadilishwa upesi. Familia kubwa inaweza pia kuacha mgahawa huo na kuingia bustanini na chakula chake, mradi isibebe pombe wala chupa za kioo.