Maswali na majibu: Betri ya gari la umeme, joto lake na kilomita zake

Barua nyingi safari hii ni za magari ya umeme. Nusu ya waandishi wanaogopa moto, nusu wanaogopa kukwama njiani. Tumechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi. Tunaposema uniti tunamaanisha kilowati-saa, ileile inayohesabiwa na mita ya umeme ya nyumbani.

Niliambiwa gari langu linakwenda kilomita 400 kwa chaji moja. Barabara kuu sijawahi kuvuka 290. Je, nimeuziwa betri mbovu?

Yaelekea betri yako ni nzima, ndugu. Namba uliyopewa imetoka maabara. Kama ni ya WLTP, kipimo cha maabara kinachotumika Ulaya, gari lilipimwa likiwa juu ya rola, ndani ya chumba chenye nyuzi joto 23, kiyoyozi kimezimwa, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 46.5 kwa saa. Kipimo cha zamani cha NEDC kilikuwa cha upole zaidi, wastani wake kilomita 34 hivi kwa saa. Cha EPA, shirika la mazingira la Marekani, ndicho kinachokaribia barabara halisi, kwa sababu matokeo ya maabara hupunguzwa, kwa kawaida kwa kuzidishwa na 0.7. Basi kabla ya kugombana na muuzaji, muulize: kilomita 400 za kipimo kipi?

Mla kilomita zako mkubwa ni hewa. Ukinzani wake hukua kwa mraba wa mwendo. Chukua gari la tani 1.8 lenye uniti 57 za kutumika. Kwa kilomita 90 kwa saa, kusukuma hewa pekee kunakula kama uniti 7 kila kilomita 100, na matairi yanakula 5. Ongeza umeme unaopotea kwenye mota na nyaya, pamoja na taa na vikorokoro vingine, unafika 14. Panda hadi 120 kwa saa: matairi bado yanadai 5 zilezile, lakini hewa sasa inadai 12, na jumla inagonga 20. Uniti 57 kwa hesabu ya kwanza zinakufikisha kilomita 400 na ushee; kwa ya pili, 285. Hapo ndipo ulipo wewe.

Mlima una hesabu yake. Gari la tani 2 pamoja na abiria likipanda mita 1,000 linatumia takriban uniti 6 zaidi, ambazo kwenye tambarare zingekupeleka kilomita 40. Ukishuka, mota inageuka jenereta na kukurudishia sehemu kubwa, si zote. Na kama uliondoka kileleni betri ikiwa 100%, umeme huo hauna pa kuingia: gari linapunguza nguvu ya kujizuia lenyewe na mzigo unabaki kwenye breki za kawaida. Anayekaa mlimani asijaze betri hadi juu kabla ya kuteremka.

Joto la nje nalo lina sehemu yake. Mwaka 2019 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipima magari ya umeme kadhaa: kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, hita ikiwaka, kilomita zilipungua kwa wastani wa 41%, kwenye nyuzi 35, kiyoyozi kikiwaka, zilipungua 17%. Gari lenye pampu ya joto, yaani mtambo unaovuta joto kutoka hewa ya nje, huumia kidogo kuliko lenye hita ya waya.

Kanuni tunayowapa wasomaji ni hii. Kwa safari ndefu, chukua 70% ya namba ya WLTP. Kisha kumbuka kwamba njiani hutumii betri yote. Hupendi kushuka chini ya 10%, na ukichaji kwa chaja ya kasi utaondoka kwenye 80%, maana kuanzia hapo chaji huwa ya kujikokota na dakika unazosubiri hazilingani na kilomita unazopata. Umebaki na 70% ya ile 70%, yaani karibu nusu. Kilomita 400 za kwenye karatasi ni kilomita 200 kati ya kituo na kituo. Panga vituo kwa namba hiyo.

Nikikwama kwenye foleni ya saa mbili na kiyoyozi kinawaka, si betri itaisha?

Haitaisha. Gari likiwa limesimama, mota haili kitu. Baada ya kupoza gari mara ya kwanza, kiyoyozi hukaa kwenye kilowati 1 hadi 1.5. Saa mbili ni uniti 3 kwa wingi, sawa na kilomita 20. Foleni ni rafiki wa gari la umeme. Adui yake ni barabara iliyonyooka.

Shikamoo wataalamu. Nasikia betri hizi hulipuka. Nikigonga jiwe chini ya gari, nifanye nini?

Marahaba. Kwanza tuweke uzani sawa: rekodi za nchi zenye magari mengi ya umeme, kama Norway na Sweden, zinaonyesha kwamba yanashika moto kwa nadra kuliko ya petroli na dizeli. Hofu nyingine ni uvumi tu. Jengo la maegesho la uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, lilipoungua Oktoba 2023, mitandao ililaumu gari la umeme mara moja; kikosi cha zimamoto kikasema chanzo kilikuwa gari la dizeli.

Lakini moto wa betri ukitokea una tabia zake, na ni lazima uzijue. Betri kubwa imeundwa kwa betri ndogo nyingi ziitwazo seli. Ndani ya kila seli kuna utando mwembamba wa plastiki unaotenganisha upande chanya na hasi. Seli ikipata joto ndani, kufika nyuzi 130 hivi utando huanza kuyeyuka, pande mbili zinagusana, na joto linaanza kujizalisha lenyewe. Seli inatema gesi, inachoma jirani yake, naye anachoma wa pili. Kwenye betri zenye nikeli na kobalti, upande chanya ukipata joto kali hutoa oksijeni yake, ndiyo maana kuunyima moto hewa hakusaidii sana. Betri za aina ya LFP, za chuma na fosfeti, ni tulivu zaidi: zinahitaji joto kubwa kuanza na hazitoi oksijeni kwa urahisi. Hata hivyo gesi zake zinawaka, zina hidrojeni ndani, na zikijaa chumba kilichofungwa zinaweza kukilipua. Anayekuambia LFP haiwezi kuungua anakudanganya.

Kinachoanzisha haya ni kasoro ya kiwandani, pigo la nje, maji, au mfumo wa kuchaji ulioharibika. Kasoro ikoje? Mwaka 2021 General Motors iliita Chevrolet Bolt zote zirudi kwa sababu baadhi ya seli zilikuwa na makosa mawili kwa pamoja: kipande cha anodi (upande hasi) kilichochanika na utando uliokunjika. Kabla ya kubadilishiwa, wenye magari waliambiwa wasichaji zaidi ya 90% na waegeshe nje. Wito kama huo ukilihusu gari lako, usiupuuze hata kama gari linakwenda vizuri. Na pigo la nje? Mwaka 2013 Tesla Model S ziliungua baada ya kukanyaga vyuma barabarani, na mwaka uliofuata kampuni ikaongeza ngao ya titani chini ya gari.

Sasa jiwe lako. Ukisikia kishindo chini, simama mahali pa wazi. Tazama dashibodi, sikiliza, nusa. Dalili mbaya ni onyo la betri, sauti ya kufoka au ya bisi zinazopasuka, harufu tamu kama ya rangi ya kucha, na moshi mweupe au wa kijivu. Moshi huo wengi huudhani mvuke. Ni gesi inayowaka na yenye sumu. Kanuni mpya za kimataifa zinamtaka mtengenezaji ahakikishe gari linatoa onyo dakika 5 kabla abiria hawajawa hatarini, kwa hiyo onyo likiwaka, dakika za kutafuta begi huna. Tokeni wote, nendeni mita 15 au zaidi upande upepo unakotoka, piga simu zimamoto na useme wazi kwamba gari ni la umeme. Kizimamoto cha unga hakifiki ndani ya sanduku la betri. Kinachopoza ni maji, tena maelfu ya lita.

Hata moto ukizimwa, betri inaweza kuwaka upya baada ya saa kadhaa au siku kadhaa, hivyo gari lililogongwa vibaya huwekwa nje, mita 15 kutoka kwenye majengo na magari mengine. Kama hakuna dalili yoyote, endesha polepole hadi karakana na gari linyanyuliwe. Sanduku lililobonyea lipimwe na fundi wa umeme wa volti kubwa, hata kama taa za dashibodi ni safi.

Tuongeze jambo ambalo hukuliuliza. Mibonyeo mingi tunayoiona chini ya betri haikuletwa na mawe, ililetwa na jeki. Fundi wa tairi aliyezoea magari ya petroli huweka jeki katikati ya sakafu, na hapo ndipo betri ilipo. Muonyeshe sehemu nne za kunyanyulia kabla hajaanza.

Gari langu lilizama kwenye maji ya mafuriko hadi usawa wa viti. Limekauka na linawaka. Nilitumie?

Usilitumie, na muhimu zaidi, usilichaji. Sanduku la betri huzuia maji likiwa jipya, lakini mpira wa kuziba huchoka na matundu ya kupumulia yana kikomo. Maji ya chumvi ndiyo mabaya kuliko yote: yakikauka yanaacha chumvi inayopitisha umeme kati ya seli, na moto unaweza kuja siku au wiki baadaye, gari likiwa limezimwa. Ndivyo ilivyotokea Florida baada ya kimbunga Ian mwaka 2022. Liegeshe mbali na nyumba, libebwe juu ya gari la mizigo bila magurudumu kuzunguka, na betri ifunguliwe na wenye vifaa.

Nachaji kwa soketi ya kawaida kupitia waya wa kurefusha. Plagi huwa ya moto. Ni kawaida?

Si kawaida, mama, acha leo. Hii ndiyo hatari iliyo karibu zaidi na wengi wenu, na haina uhusiano wowote na betri. Pasi inavuta umeme kwa dakika chache. Gari linavuta ampea 10 kwa saa kumi na zaidi bila kupumzika. Skrubu iliyolegea nyuma ya soketi inakuwa jiko dogo. Waya wa kurefusha ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka.

Kinachotakiwa ni laini yake peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme. Kwa chaja ya ampea 32, yaani kilowati 7.4 kwenye volti 230, fundi huweka nyaya za shaba za milimita 6 za mraba, au nene zaidi kama umbali ni mrefu, na swichi inayojikata umeme unapovuja, ya aina inayotambua pia mvujo wa umeme wa moja kwa moja (DC). Waya wa ardhi upimwe. Chaja nyingi hukataa kufanya kazi bila huo, na wapo mafundi wanaozidanganya kwa kuunganisha ardhi na nyutro. Huo ni mtego wa kuua mtu anayegusa mlango wa gari.

Kama huna budi kutumia soketi ya kawaida kwa sasa, shusha chaji hadi ampea 8 kwenye skrini ya gari au kwenye chaja, chomeka moja kwa moja ukutani, na gusa plagi baada ya nusu saa. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuishika, chomoa.

Nichaji hadi 80% au 100%?

Inategemea kemia. Yenye nikeli na kobalti: 80% kila siku, 100% asubuhi ya safari tu, maana inazeeka haraka zaidi ikikaa imejaa kwenye joto. LFP: ijaze 100% mara moja kwa wiki, au kama kitabu cha gari kinavyosema, kwa sababu volti yake haibadiliki sana kati ya nusu na karibu kujaa, na kompyuta isipoona kilele inapoteza hesabu. Hapo ndipo gari linazimika njiani huku skrini ikionyesha 8%. Ukiliacha kwa mwezi, aina yoyote, acha kwenye 50%.

Nataka kununua lililotumika. Betri nitaipimaje?

Skrini si shahidi wa kutosha. Kwenye Nissan Leaf, vipau 12 vya afya ya betri vinaweza kuwekwa upya kwa kompyuta, na betri iliyochoka ikaonekana mpya kwa muda. Leaf za vizazi viwili vya kwanza pia hazina kipozeo cha maji kwenye betri, kwa hiyo iliyoishi kwenye joto kali huchoka mapema.

Chomeka kisomaji, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na uangalie tofauti ya volti kati ya seli yenye volti kubwa zaidi na yenye ndogo zaidi. Fanya hivyo betri ikiwa nusu, kisha tena ikiwa karibu 20%, maana seli dhaifu hujificha chaji ikiwa nyingi na kuporomoka ikiwa kidogo. Tofauti ya milivolti 30 isikutie hofu. Ikipita 100 kuna seli au kifurushi cha seli kinachoumwa.

Halafu endesha. Ondoka kwenye 90%, shuka hadi 30%, usome uniti zilizotumika kulingana na kompyuta ya safari. Zikiwa 18, umetumia 60% ya betri, kwa hiyo nzima ina uniti 30. Kama ilitoka kiwandani na 40 za kutumika, imebaki 75%. Dhamana nyingi ni za miaka 8 au kilomita 160,000, na hulipa ikishuka chini ya 70% ndani ya muda huo. Angalia tarehe ya kwanza ya usajili, na uulize kwa maandishi kama dhamana inamfuata mmiliki mpya na kama inatambulika nje ya nchi gari lilikouzwa mara ya kwanza.