Barua kwa mwanangu: Wanawali wote kumi walilala

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: mtu atajuaje kwamba yuko tayari, akifa au Bwana akirudi usiku wa leo? Na ikiwa Bwana yu karibu, kama alivyowaambia yule mhubiri wa kesha la Ijumaa, kuna haja gani ya kuendelea kulipia ile ploti yako ya kule Joska? Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu tutakatizana.

Habari ya tarehe niimalize kwanza. Soma Mathayo 24:36: siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba peke yake. Anayekuambia ameipata kwa hesabu anadai kujua ambalo Yesu mwenyewe alisema halijui. Wamejaribu wengi. Huko Marekani wafuasi wa William Miller walizipigia hesabu siku 2,300 za Danieli 8:14 wakafika 22 Oktoba 1844. Wengine waliyaacha mazao shambani bila kuvuna. Harold Camping, mhubiri wa redio, alitangaza 21 Mei 2011, na ilipopita akaisogeza hadi Oktoba. Angalia jinsi mambo haya yanavyokwenda: tarehe husogezwa, lakini aliyeuza mali yake au kuacha kazi harudishiwi kitu. Na hapa kwetu hatuna haja ya kutafuta mfano ng'ambo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, watoto wengi wakiwa miongoni mwao, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Mhubiri akikutajia tarehe, au akikuambia uza, acha kazi, acha dawa, funga mpaka mwili ukatae, ondoka. Usingoje hata amalize kuomba.

Vita, njaa na matetemeko vimetajwa katika sura iyo hiyo, ni kweli, lakini papo hapo Yesu anasema msitishwe, maana ule mwisho bado. Kwa hiyo taarifa ya habari ya saa moja si kalenda ya Mungu. Nayo mabishano ya unyakuo, yaani waamini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana, kama ni kabla ya dhiki au baada, na miaka elfu ya Ufunuo 20, yaache yakae. Jirani yako Msabato anaamini wafu wamelala hadi ufufuo. Sisi Waanglikana tunaamini aliyekufa katika Kristo yuko pamoja naye, akingoja mwili wake ufufuliwe. Msinuniane kwa hilo. Nyote mnakiri kwamba atakuja, wafu watafufuliwa, na kila mmoja atasimama mbele ya kiti chake cha hukumu.

Sasa kwenye swali lenyewe. Yesu alipomaliza kusema hakuna aijuaye siku, alitoa mifano mfululizo, na ukiisoma kwa pamoja utaona kwamba kuwa tayari si hali ya moyo kudunda. Mtumwa mwaminifu anakutwa akiwagawia wenzake chakula kwa wakati wake. Wa talanta anaulizwa amefanya nini na alichoachiwa. Na talanta moja haikuwa senti, ilikuwa kama denari 6,000, na denari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku. Lakini mfano unaokuhusu wewe unayekosa usingizi tangu Ijumaa ni wa wanawali kumi. Watu husoma haraka wakadhani wapumbavu walilala na wenye busara wakakesha. Sivyo. Mathayo 25:5 inasema wote walisinzia, wakalala. Waliotofautiana walitofautiana mapema, pale wengine walipobeba mafuta ya akiba katika vyombo vyao. Basi kujiweka tayari ni kazi ya mchana, inayofanywa na kumalizwa, kisha mtu akalala. Na mafuta hayaazimwi usiku wa manane: imani ya mama yako haitakuwakia taa.

Mafuta hayo ni nini? Wahubiri wamesema mengi, na sitaongeza la kwangu. Nitakuambia yanayofanyika.

La kwanza ni kati yako na Mungu. Wokovu ni kwa neema kwa njia ya imani, si kwa matendo (Waefeso 2:8-9); kwa hiyo usipime utayari wako kwa idadi ya makesha. Tenga jioni moja, zima simu, soma Zaburi ya 51 polepole, kisha ungama dhambi kwa majina yake. "Nisamehe makosa yangu yote" ni ombi jema, lakini aghalabu tunajificha ndani yake. Sema: nilidanganya kuhusu hesabu ile, nilimdharau fulani, nilifanya hivi na yule. Ukimaliza, soma 1 Yohana 1:9 kwa sauti, uamini kwamba limekwisha. Hapa ndipo vijana wengi wa Nairobi wanapokwama: kila mwito wa madhabahuni wanakwenda mbele kwa dhambi ileile ya mwaka juzi, kana kwamba Mungu hakusikia mara ya kwanza. Hilo si unyenyekevu, ni kutoamini. Lakini kama ni dhambi unayoirudia, si kumbukumbu tu, hiyo haitaki sala ya faragha peke yake. Mtafute mchungaji wako au mzee mmoja wa kanisa mwenye kifua, umwambie, akuombee na akuulize baada ya wiki mbili umefikia wapi. Ndivyo Yakobo 5:16 inavyoagiza.

Na ujue kutofautisha dhamiri na hofu. Dhamiri hutaja kitu: pesa ya fulani, neno ulilosema Jumanne. Ukikitengeneza, inanyamaza. Hofu haitaji kitu. Inakwambia tu "hujawa tayari", na ukiuliza ni nini kimebaki haina jibu. Ikija hiyo, usiitii. Isomee Warumi 8:1, ugeuke upande wa pili ulale.

La pili ni watu, na hapa ndipo penye kazi. Toba ya mali ina kiwango chake katika Biblia. Walawi 6 inamtaka aliyedhulumu arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Yaani ukiwa umeshika shilingi 10,000 za chama chenu cha akiba, utarudisha 12,000. Zakayo mtoza ushuru alijitoza mara nne. Sisi hatuko chini ya torati ile, lakini inatuonyesha kwamba kulia kanisani huku pesa ya mtu ikiwa mfukoni mwako hakujawa toba. Kama mwenyewe amekufa, Hesabu 5 inasema mpe jamaa yake wa karibu. Asipokuwapo jamaa, itolewe kwa Bwana. Huna yote? Nenda umwambie anayekudai ni kiasi gani na utalipa lini, na umwandikie. Mikopo midogo ya simu inayojilimbikiza ihesabu pia. Deni ni deni.

Kuomba msamaha nako kuna namna. Nenda mwenyewe, peke yako kwanza; Mathayo 5:23-24 inakutaka uende ukapatane na ndugu yako. Usitume WhatsApp, na usiungame mambo ya mtu mwingine kwenye kikundi cha maombi. Taja kosa. Usiseme "kama nilikukosea", maana hapo unamwachia yeye mzigo wa kuthibitisha. Usieleze sababu, usidai akusamehe papo hapo. Na kuna mambo ya kutokwenda nayo kabisa: kama ulimwonea mtu wivu moyoni naye hajui, mwambie Mungu, ukimpelekea yeye utakuwa umejitua mzigo na kumtwika. Vilevile, kumsamehe aliyekupiga au kukutisha hakukulazimu urudi nyumbani kwake. Warumi 12:18 ina mpaka: kwa upande wenu. Ukishafanya upande wako na mlango ukafungwa, umemaliza.

La tatu ni nyumba. Mfalme Hezekia alipougua, neno alilopelekewa lilikuwa, "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona" (Isaya 38:1). Watu wetu huogopa wosia wakidhani ni kujiitia kifo. Matokeo yake ni familia kupanga foleni kwa chifu kuomba barua ya kutaja warithi, kisha kesi ya mirathi, kisha ndugu waliokaa mezani pamoja hawasalimiani.

Wosia si jambo gumu. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakuruhusu uandike hata kwa mkono, mradi umetimiza miaka 18 na una akili timamu. Si lazima wakili aandike, ingawa mkiwa na ardhi au watoto ni vizuri apitie. Tia sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie sahihi mbele yako. Waketi wote kikao kimoja ili pasiwe na maneno baadaye. Kosa linaloharibu wosia mwingi ni kumfanya mrithi kuwa shahidi: ulichomwachia shahidi, au mume au mke wa shahidi, kinabatilika, isipokuwa wamekuwapo mashahidi wengine wawili wasio na faida yoyote. Mchague wasii, yaani mtekelezaji wa wosia, unayemwamini, na umwambie. Huyo anaweza kuwa mrithi. Na hili likuguse wewe unayeoa Desemba: ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa wosia uwe umesema wazi kwamba umeandikwa kwa kutarajia ndoa hiyo na mtu huyo. Ama umtaje mchumba wako kwa jina, ama uandike upya baada ya arusi. Wosia wa mdomo nao unakubalika mbele ya mashahidi wawili, lakini mtu akiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka, hauna nguvu tena.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni fomu za kazini na za Sacco, chama chako cha akiba na mikopo. Jina la mrithi uliloandika siku ya kwanza ya ajira ndilo linalotazamwa siku pesa zinapotolewa, na huenda bado ni langu. Likague, ulibadilishe ukishaoa. Uliza pia kama mkopo wako wa Sacco una bima ya kifo. Usipokuwa nayo, wadhamini wako ndio watakaokatwa, na hiyo si maombolezo ya kumwachia rafiki. Andika karatasi moja: akaunti, Sacco, bima, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ploti, unaowadai na wanaokudai. Namba za siri usiandike. Pesa za akaunti zisizojulikana na familia huishia kwa mamlaka ya serikali ya mali isiyodaiwa, na kuzitoa huko kuna safari.

Kuhusu mazishi, andika sentensi tatu: pa kuzikwa, ibada ya kanisa gani, na mambo yawe madogo. Usidhani watajua. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, mjane wake akasema marehemu alitaka kuzikwa shambani kwao Matasia, Ngong, karibu na Nairobi, ukoo ukasema nyumbani Siaya. Mwili ukakaa miezi mitano kesi ikiendelea hadi Mahakama ya Rufani, na ukoo ukashinda. Maandishi hayafungi mahakama kila mara, lakini hupunguza vinywa. Na kama siku moja utaulizwa kuhusu kuchoma maiti, mwili wa Askofu Mkuu wetu wa zamani Manasses Kuria ulichomwa mwaka 2005 na watu wakanong'ona sana. Ufufuo hautegemei hali ya mifupa. Mimi binafsi napenda udongo. Kamati ya mazishi inayokutana wiki mbili na kuchangisha jeneza la kifahari huku ada za watoto wa marehemu hazijalipwa, hiyo sioni inamheshimu nani.

Kwa kila siku, usijibebeshe mengi. Kabla ya kulala: nimemkosea nani leo, nani amenikosea, kuna nini cha kushukuru. Dakika tano zinatosha. Waefeso 4:26 inakataa jua lituchwee na uchungu. Kisha Zaburi 31:5, mikononi mwako naiweka roho yangu, taa uzime. Wiki hii soma Wathesalonike wa Kwanza, sura moja kila jioni. Ni sura tano, na kila moja inapoelekea mwisho inataja kuja kwake Bwana. Utaona Paulo anaunganisha jambo hilo na kazi, usafi, faraja kwa waliofiwa, wala hamtishi mtu. Waliotishika walimlazimu aandike waraka wa pili, maana wengine walikuwa wameacha kazi, akawaambia: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula."

Ndiyo maana ploti endelea kulipa. Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha wakati jeshi la Babeli limeuzingira mji na yeye mwenyewe amefungwa. Alipima fedha kwenye mizani, akaita mashahidi, akaandika hati mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine wazi, akaagiza zitiwe katika chombo cha udongo zikae siku nyingi (Yeremia 32). Nawe fanya hivyo: tafuta rekodi za ardhi hiyo kwenye masjala ya ardhi kabla ya awamu inayofuata, dai risiti kwa kila malipo, weka mkataba wa mauzo na risiti pamoja mpaka hatimiliki itoke kwa jina lako. Ila usivuke bajeti ya zaka na ya nyumba kwa ajili yake. Yule tajiri wa Luka 12 hakulaumiwa kwa kuwa na ghala, alilaumiwa kwa kudhani ghala ndiyo nafsi.

Mashahidi wa wosia watafute kanisani kwenu, wasiwe jamaa. Ukishautia sahihi, nakala moja mpe wasii, nyingine niletee nyumbani Buruburu kwenye bahasha iliyofungwa, mimi sitaifungua. Nisalimie mchumba wako, na umwambie vipimo vya kitenge navingoja.

Ni mimi mama yako.