Tagi haijui ilipo

SWALI: Mimi ni msimamizi wa bohari ya vifaa vya kikosi. Kila robo mwaka tunahesabu kwa mkono kwa siku nne, na bado leja na rafu hazilingani. Muuzaji mmoja ametuletea tagi za RFID, yaani vibandiko vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio, zisizo na betri, nyembamba kama stika. Anasema tukizibandika kwenye masanduku, redio za mawasiliano na bunduki, tutaona kwenye ramani kila kitu kilipo muda wowote, na hatutahesabu tena. Fedha tulizo nazo zinatosha tagi 5,000 na visomaji viwili vya mlangoni. Je, tuchukue hizi au zile zenye betri? Na zinafaa kwenye ghala la risasi?

JIBU: Ndugu msimamizi, nianze na neno ramani. Maswali ya namna hii hunifikia kila mara, na karibu yote yana neno hilo ndani yake. Kila ninapolikuta najua kuna muuzaji aliyetangulia kufika.

Tagi isiyo na betri haijui ilipo. Haina kipokezi cha setilaiti, haina saa, haina hata nguvu yake yenyewe. Inakaa kimya mpaka mawimbi ya kisomaji yaifikie. Hapo inachota nguvu kidogo kutoka kwenye mawimbi hayohayo, inataja namba yake, inanyamaza tena. Kinachojulikana mahali pake ni kisomaji, kwa sababu wewe ndiye uliyekifunga na ukaandika kwenye kompyuta kwamba kiko mlango wa mashariki. Ukiwa na visomaji viwili, ramani yako ina nukta mbili, basi. Sanduku likivuka mlango, likapakiwa kwenye lori, likateremshwa njiani mahali pasipohusika, skrini itaendelea kukuonyesha mlango wa mashariki, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Mtu akipotea, tangazo husema alionekana mara ya mwisho mahali fulani, akiwa amevaa shati la bluu. Hakuna anayesikia tangazo hilo akadhani mtu amepatikana. Tagi yako inatoa tangazo la aina hiyohiyo, na muuzaji anakuuzia kana kwamba ni habari ya kupatikana.

Anayechanganya tagi na GPS simlaumu sana. Aliyetakiwa kumweleza tofauti ndiye anayefaidika akikaa kimya. Kifaa cha GPS hupokea ishara za setilaiti, hupiga hesabu ya mahali kilipo, kisha hutuma jibu kwa mtandao wa simu au wa setilaiti. Kazi hiyo inataka betri, inataka antena zinazoona anga, na mara nyingi inataka malipo ya kila mwezi. Stika haiwezi. Muuzaji akishikilia kwamba yake inaweza, aiweke kwenye mkoba wake, aondoke nayo, nawe umtafute kwenye skrini. Jaribio hilo halitakugharimu kitu.

Hata pale mlangoni mambo si mepesi kama kwenye video za matangazo. Tagi ulizoletewa hutumia masafa yaliyo kati ya megahezi 860 na 960. Ikiwa juu ya boksi la karatasi, ndani ya chumba kitupu, itasomwa kutoka mita kadhaa bila shida. Lakini bohari ya jeshi imejaa chuma, na chuma hurudisha mawimbi; ina maji, mafuta na vyakula vyenye unyevu. Maji na vyakula hivyo huyameza. Ukibandika stika ya kawaida moja kwa moja kwenye sanduku la bati, umeiua. Ziko tagi zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma, zenye tabaka linaloitenga antena na bati, lakini ni nene na bei yake ni ya juu kuliko stika kwa mbali. Muulize muuzaji hizo 5,000 zake ni za aina gani. Kwa ulivyozieleza, nyembamba kama stika, nachelea jibu nalijua.

Mtihani ninaoutegemea mimi ni paleti, yaani jukwaa la kupangia mzigo, iliyojaa maji ya chupa. Kila katoni iwe na tagi, kisha paleti ipite mlangoni kwa mwendo wa kawaida wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo. Katoni za nje zitaitika. Za katikati, zilizozungukwa na maji pande zote, huenda zikanyamaza, na mfumo utakuambia una upungufu ambao haupo.

Kinyume chake kipo pia, nacho ni kibaya zaidi: kisomaji kusoma kisichokihusu. Niliwahi kuitwa kwenye bohari moja ambayo mfumo wake ulifungwa na kampuni iliyoahidi usahihi wa asilimia mia. Mzigo ulikuwa "unapotea" kwenye malori ya mlango wa nne. Nilisimama pale tangu asubuhi hadi mchana na karatasi mkononi, nikiandika kila paleti inayopita. Kabla ya saa sita nilikuwa nimeshaona tatizo. Foklifti iliyokuwa inaelekea mlango wa tatu ilipinda mbele ya mlango wa nne ili ipate nafasi ya kugeuka, na kwa sekunde mbili hizo antena ya mlango wa nne iliisoma paleti nzima. Mfumo ukaandika: imepakiwa, lori la mlango wa nne. Lori lilifika mwisho wa safari yake bila mzigo huo, kwa kuwa haukuwahi kupanda. Askari mmoja kijana alikuwa ameshaandikiwa mashitaka ya upotevu. Alikuwa na leja yake iliyojazwa vizuri kwa mkono, na hakuna aliyetaka kuitazama, kwa sababu kompyuta ilisema vingine.

Kwenye bohari hiyohiyo niliomba masanduku kumi ya betri za redio yateremshwe kutoka rafuni. Kisomaji cha mkononi kilikuwa kimeyasoma yote kumi, namba sahihi, mahali sahihi. La saba lilikuwa jepesi mno nilipolinyanyua. Tagi ilikuwa imebandikwa vizuri kwenye kona, na ndani mlikuwa na makaratasi ya kufungia peke yake. Tagi ilikuwa imesema kweli yote inayoijua: kwamba yenyewe ipo.

Jeshi la Marekani limepita njia hii kabla yetu, likiwa na fedha ambazo bohari yako haitaziona. Katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 lilipeleka kontena zipatazo 40,000, na zaidi ya nusu zililazimika kufunguliwa hukohuko ili watu wajue kilichomo. Vikosi vilivyochoka kusubiri viliagiza kitu kilekile mara ya pili na ya tatu, na kontena zikazidi kurundikana. Dawa iliyotafutwa ikawa tagi zenye betri za megahezi 433, ambazo husomwa kutoka umbali wa makumi ya mita na zaidi, na zinaweza kubeba ndani yake orodha ya mzigo. Mwaka 2002 Jenerali Tommy Franks, aliyeongoza kamandi ya Marekani inayosimamia Mashariki ya Kati, aliagiza shehena zinazoingia eneo lake ziwe na tagi. Wauzaji hupenda kuikatia hadithi hapo.

Hawafiki Desemba 2003. Mwezi huo GAO, ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge la Marekani, ilitoa taarifa kuhusu ugavi wa vita vya Iraki. Ilikuta tofauti ya dola bilioni 1.2 kati ya vifaa vilivyotumwa kwa vikosi vya jeshi la nchi kavu vitani na vile ambavyo vikosi hivyo vilikiri kupokea. Tagi zilikuwepo. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba teknolojia hiyo haikutumika kwa utaratibu mmoja. Wewe unayeishi bohari unajua hali hiyo inavyokuwa: huyu anabandika, yule habandiki, huyu anaandika orodha kamili, yule anaandika "vipuri" na kufunga mlango.

Sasa la betri, ambalo halina utata. Sera ya wizara yao ya ulinzi ya tarehe 30 Julai 2004 iligawa kazi kwa namna ambayo bado naiona ina mantiki: tagi zenye betri kwa kontena zinazosafiri kati ya vituo, zisizo na betri kwa masanduku na paleti, na wagavi wakaanza kutakiwa kuziweka tangu Januari 2005. Kwako, kama kontena hazitoki, zenye betri ni gharama bure, na kila betri ni kitu kingine cha kukifuatilia. Chukua zisizo na betri, za kubandikwa kwenye chuma pale panapohusika, na kabla ya kuwasha kisomaji chochote pata kibali cha masafa, kwani kila nchi ina sehemu yake inayoruhusiwa. Badala ya visomaji viwili vya mlangoni, mimi ningenunua vya mkononi viwili. Cha mkononi hukulazimisha utembee hadi kwenye rafu, na ukiwa pale unaona kwa macho sanduku lililofunguliwa.

Kuhesabu hakutaisha. Kutapungua kutoka siku nne hadi labda moja, na hilo ni jambo kubwa, ila mtu bado atanyanyua masanduku kadhaa bila mpangilio na kuyafungua. Na kabla hujatumia senti, chukua vifaa hamsini ambavyo leja na rafu havikubaliani, ukavifuate kimoja kimoja nyuma hadi mahali vilipoonekana kwa hakika mara ya mwisho. Nimefanya zoezi hili mara nyingi. Kinachojitokeza karibu kila mara ni kitu kilichotolewa usiku kwa simu ya mkubwa bila hati ya kutolea, na hati "itakuja kesho." Hakuna tagi itakayoziba tundu hilo. Itakachofanya ni kuliandika kwa kasi zaidi.

Hapa sasa nasema na yeyote anayesoma, hata asiye na bohari. Wapo watu wanaozunguka na sanduku la stika na kompyuta mpakato, wakionyesha maboksi ishirini matupu yakisomwa kwa sekunde moja juu ya meza ya mbao. Maboksi matupu husomwa hata na kisomaji kibovu. Dai jaribio lifanyike kwenye ghala lako, kwa vifaa vyako, vikiwa vimepangwa kama vinavyopangwa siku ya kazi, na watu wako wenyewe wahesabu kwa mkono kabla na baada. Tofauti zote ziandikwe, za kukosa kusomwa na za kusomwa visivyostahili. Asiyekubali sharti hilo asipewe hata kikombe cha chai cha pili.

Bunduki: usibandike. Tagi nyingi za bei ya chini humjibu kila mwenye kisomaji, na namba yake huweza kunakiliwa kwenye tagi nyingine. Mwaka 2021 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi kuhusu vikosi vya Marekani vilivyoweka tagi kwenye bunduki. Majaribio yaliyofanywa kwa ajili yake yalionyesha kwamba tagi hizo hunakilika haraka, na kwamba hugundulika kutoka mbali kuliko wauzaji wanavyotaja. Kikosi cha Marine kilikuwa kimeikataa teknolojia hiyo kwa silaha zake. Pima mwenyewe: nakala ya tagi ikining'inizwa rafuni, mahali pa bunduki, hesabu ya asubuhi itakuwa kamili na bunduki haipo. Na askari akiwa nje, kitu kinachomjibu kila anayeita kwa redio kisikae begani kwake.

Na ghala la risasi. Muuzaji wako hakulitaja; umelitaja wewe, nami nashukuru. Kisomaji ni kisambaza mawimbi. Viko viwashio vya milipuko vinavyofanya kazi kwa umeme, na nguvu ya redio ikikusanywa na nyaya zake inaweza, katika mazingira fulani, kuviamsha. Ndiyo maana Wamarekani hawaruhusu vifaa vya RFID karibu na risasi na mabomu mpaka vipimwe na kuthibitishwa, vikiwa na umbali wa usalama ulioandikwa kwa kila modeli na kila aina ya zana. Cheti cha dukani hakitoshi. Mpelekee ofisa wa usalama wa zana za milipuko jina la modeli, nguvu yake na masafa yake, na usubiri jibu lake kwa maandishi, lenye umbali kwa mita. Kabla ya jibu hilo, ghala la risasi liendelee na leja, na watu wawili wakisaini pamoja. Visomaji vya mkononi viachwe kwenye ofisi yako, vikiwa vimezimwa, kabla mtu hajaelekea huko.