Jibu: Presha ya mitihani haikai ofisini kwa mwalimu mkuu

Mleta uzi, umeuliza hivi: unaandika riwaya ya vijana, wasichana wawili marafiki, S.4 (kidato cha nne) mwaka 2024, shule ya bweni karibu na Kampala. Wewe ni mtu wa Mombasa, hukusoma Uganda, na msomaji wako wa kwanza amekuambia presha ya hao mabinti haimwingii akilini. Ukaomba waliopitia waseme.

Mimi nilipitia. Nilifanya UACE, mtihani wa mwisho wa kidato cha sita, mwaka 2015, kombinesheni ya PCB (fizikia, kemia, biolojia) na somo dogo la hisabati, bweni, wavulana na wasichana pamoja, upande wa Mukono. Jina la shule naliacha.

Nimesoma sura tatu ulizobandika. Msomaji wako hajakuonea. Umetuwekea mwalimu mkuu mwenye fimbo na baba anayetaka daktari nyumbani. Wapo, sikatai. Lakini sisi mwalimu mkuu tulimchukulia kama mvua: inanyesha, mnajikunyata, inapita. Presha iliyotukaa mwilini ni ile tuliyopikiana wenyewe kwa wenyewe, tena huku tukipendana. Mabinti zako wako upande mmoja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na hapo ndipo hadithi inapovuja.

Kabla sijaendelea, rekebisha hesabu. Sura ya pili binti anaota "agrigeti 8". Hiyo ni ya kwetu sisi wa zamani: jumla ya alama za masomo manane bora, moja (ya juu kabisa) kila somo, daraja la kwanza. Waliofanya UCE, mtihani wa mwisho wa S.4, mwaka 2024 ndio kundi la kwanza la mtaala mpya ulioanza S.1 mwaka 2020. Wao hawana agrigeti wala madaraja yale. Wana herufi kwa kila somo, na asilimia 20 ya alama inatoka kwenye kazi walizofanya shuleni, 80 kwenye mtihani wenyewe. Ukitumia hilo utapata ugomvi mzuri zaidi kuliko ule wa fimbo, maana kazi nyingine hufanywa kwa makundi, na kila kundi lina mtu wa kubeba na mtu wa kubebwa.

Halafu kuna jambo umelipita juu juu. Hao mabinti waliingia S.1 mapema 2020. Wamekaa bwenini wiki chache tu, Machi shule zikafungwa kwa Korona. Ukiacha kile kipindi kifupi cha kurudi katikati, mlango haukufunguka kwa wote hadi Januari 2022. Yaani wamejuana wiki kadhaa, wakapotezana karibu miaka miwili, wakarudi mmoja ameshakuwa mrefu na mwingine ameshajua kuuza chapati barabarani. Wewe umeiandika kwa sentensi moja! Mimi ningeipa sura nzima.

Sasa yangu.

Nilikulia Tororo, baba akiwa askari kambi ya Rubongi, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Nilipofika Mukono nikakuta Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi. Ndivyo Waganda wengi walivyolelewa kuisikia, usiku, nyuma ya mlango. Msichana mmoja tu hakucheka. Nitamwita Namu, si jina lake. Alitaka nimfundishe. Miezi minne baadaye tulikuwa tunamsengenya metroni, mlezi wa bweni, mbele yake, na metroni mwenyewe anatabasamu. Ukizungumza lugha ya kwenu shuleni ulikuwa unaandikwa kwenye daftari la kiranja, ukafagie bwalo. Ila kiranja wetu hakuwahi kujua Kiswahili akiandike au asikiandike. Alisimama na kalamu, akatuangalia, akafunga daftari.

Namu alinilipa kwa kemia. Alikuwa na namna ya kueleza kitu mpaka unaona aibu kwamba kilikushinda. Tulisoma pamoja prepu, yaani kujisomea, ya jioni, na ya alfajiri saa kumi na nusu, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi ili tusisinzie. Beseni lilikuwa moja, lake, la buluu, limepasuka ukingoni. Miguu minne. Ukisinzia, mwenzako anakukanyaga.

Matokeo ya kila mtihani yalibandikwa kwenye ubao nje ya bwalo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na huwezi kwenda kula posho (ugali) bila kupita pale. Usidhani tuliuchukia ubao. Tuliupenda. Tulijua namba za watu kuliko majina ya wazazi wao. Namu alikuwa wa pili au wa tatu, mimi wa nne, wa sita, siku mbaya wa tisa. Hesabu yetu ilikuwa pointi 20: masomo makuu matatu, A moja ni pointi 6, kisha jenero pepa (karatasi ya maarifa ya jumla) na somo dogo, moja moja. Tulikuwa tunasema "ishirini" kama watu wanavyosema Makka. (Wavulana nao walikuwa na wimbo wao: nyinyi mnaongezewa pointi moja na nusu ya usichana mkiomba Makerere. Kweli tunaongezewa, tangu 1990. Kama una mvulana kwenye hadithi, mpe sentensi hiyo, hatakosa kuisema.)

Siku ya kutembelewa baba yake Namu alikuja na kuku wa kukaanga kwenye kikapu, akakaa chini ya mti, hakufungua kikapu mpaka arudi kutoka foleni ya walimu na karatasi mkononi. Hakugomba. Alisema tu, kwa Kiganda, "Na huyu wa kwanza ni mtoto wa nani?" Kuku alikuwa mtamu sana, nakumbuka, na mimi ndiye niliyekula zaidi.

Muhula wa pili wa S.6, moku (mtihani wa majaribio) ikikaribia, binamu yangu wa Kampala akanitumia bunda la karatasi. Maswali ya majaribio ya shule kubwa moja, kemia na biolojia, pamoja na mwongozo wa kusahihishia. Pale kwetu mwongozo ulikuwa dhahabu. Nikalitia chini ya sanduku la bati, ndani ya foronya.

Sikumwambia Namu.

Nimejaribu miaka kadhaa kutafuta sababu nzuri. Sikuwa na hasira naye. Hakunikosea. Nilitaka tu, mara moja, jina langu likae juu ya lake. Nilikuwa naamka saa nane usiku, naenda kusoma bafuni kwenye taa, halafu saa kumi na nusu namwamsha Namu kana kwamba ndiyo kwanza nimeamka, tunatia miguu kwenye beseni. Ananieleza kitu ambacho nimekisoma saa moja iliyopita, nami nafanya sura ya mtu anayeelewa pole pole. Hii ndiyo sura ya mabinti zako ninayoitafuta na siioni.

Moku ikaja. Maswali mawili yalifanana na ya bunda langu. Ubaoni nikawa wa pili, Namu wa tano. Alinikuta kwenye foleni ya posho akanishika mabega: "Hongera, askari wangu." Kiswahili changu, nilichomfundisha mimi. Siku hiyo sikula.

Wiki mbili baadaye nikapata malaria, nikalazwa kwenye chumba cha wagonjwa siku tatu. Namu ndiye aliyenipangia vitu na kuniletea nguo. Niliporudi foronya ilikuwa mahali pake. Nikalitoa bunda. Nilikuwa nimeliacha limevurugika, kurasa za biolojia ndani ya kemia. Nikalikuta limepangwa vizuri, limebanwa kwa kibanio cha nywele. Katikati, kwenye swali la kugawanyika kwa kitu kilichoyeyushwa kati ya etha na maji, kulikuwa na mwandiko wa penseli. Swali lilitaka kukitoa kwa etha mara mbili, sentimita za ujazo 25 kila mara. Mwongozo ulikuwa umekokotoa mara moja, kwa 50. Namu alikata mstari, akafanya hesabu upya pembeni, hatua kwa hatua kama anavyonieleza siku zote, akaandika jibu sahihi na kulipigia mstari chini.

Lile kosa nilikuwa nimelikariri wiki tatu.

Hakusema neno. Kesho yake saa kumi na nusu alikuja na beseni. Mimi ndiye niliyeanza kutafuta sababu za kusoma peke yangu, eti kichwa, eti homa haijaisha. Hadi tunamaliza mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tunasalimiana. Alipata 18, mimi 15. Yeye alipata nafasi ya serikali, mimi nikasoma kitu kingine kabisa, ambacho nakipenda, lakini hiyo ni uzi mwingine.

Umeuliza pia wapatane mwishoni au la. Sisi hatukukaa chini tukapatana. 2020, wakati wa kufungiwa, alinipigia simu usiku kuniuliza neno la Kiswahili; alikuwa zamu hospitalini, ana mgonjwa dereva wa lori kutoka Malaba, anataka kumwuliza kama kifua kinambana. Nikampa neno. Akarudia mara mbili, akanishukuru, akakata. Tangu hapo huwa anapiga, kila mara ana neno la kuuliza, mengine najua kabisa anayajua.

Kwa hiyo kama ni mimi: punguza mwalimu mkuu abaki kurasa mbili. Ondoa ile ya kuzimia ndani ya chumba cha mtihani, kila riwaya inayo. Mpe mmoja wao kitu cha kuficha, kidogo tu, na mwenzake akijue mapema kuliko msomaji anavyodhani.

Lile bunda ninalo bado. Ukihitaji kuona ukurasa wenyewe, nitumie ujumbe, nitaupiga picha mchana maana penseli imefifia.