Makubaliano ya matunzo hayatekelezwi: nifanye nini?

SWALI: Mahakama ya wilaya ilivunja ndoa yetu mwaka 2023. Mtalaka wangu, ambaye ni mtumishi wa umma, alitia saini makubaliano ya kunipa shilingi 150,000 kila mwezi. Alilipa miezi minne, kisha akanyamaza. Je, niende polisi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yetu, polisi hawatakusaidia, kwa kuwa hili ni deni la madai na si kosa la jinai. Kwanza itazame nakala ya hukumu: ikiwa makubaliano hayo yalisajiliwa mahakamani, yana nguvu sawa na amri ya hakimu, na utaomba kukaza hukumu (yaani mahakama imlazimishe kuitekeleza) katika mahakama hiyohiyo. Ikiwa yalibaki karatasi mliyosainiana mbele ya wazee, itakubidi uombe kwanza amri ya matunzo chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na karatasi hiyo itakuwa ushahidi wako.

Katika maombi ya kukaza hukumu, taja miezi isiyolipwa mmoja mmoja na uambatishe taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha malipo yalikoma lini. Kwa kuwa ana mshahara, omba sehemu yake ikatwe kwa mwajiri; njia hiyo ina usumbufu mdogo kuliko kumtafuta dalali wa mahakama akamate mali. Kifungo cha madai, yaani kufungwa kwa kutolipa deni, pia kipo, ila wewe mwombaji ndiye utakayelipia posho ya chakula chake gerezani, jambo linalowashangaza wengi.

Usichelewe, na kumbuka kwamba ukiolewa tena, haki ya matunzo yako hukoma.