Kabla hujanunua diski ya nje ya kuhifadhia kazi zako, soma yaliyonikuta

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu linafanana mno na lile nililojiuliza mwenyewe nilipoanza kazi hii, na jibu nililojipa wakati ule lilinigharimu. Umesema unapiga picha na video za harusi, kompyuta yako imejaa, na kwenye kundi la WhatsApp umeonyeshwa diski ya nje ya terabaiti 16 inayouzwa shilingi 85,000. Unauliza kama uichukue hiyo, au utafute SSD, ile inayohifadhi data kwenye chipu bila kitu kinachozunguka, au ubaki na zile za kawaida zenye sahani inayozunguka ndani, ili uhamishie humo kazi zote za zamani na kompyuta ipate kupumua. Nitaanza na hiyo ya terabaiti 16 kwa sababu ndiyo yenye hatari ya karibu: usiinunue.

Mimi niliwahi kununua ndugu yake. Ilikuwa imeandikwa terabaiti 2, imo katika kasha jembamba la rangi ya fedha, na nilipoichomeka kwenye kompyuta ilionyesha kweli ukubwa huo, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuishuku. Nikanakili harusi ya kwanza, ikaingia. Nikanakili ya pili na ya tatu, nazo zikaingia, na majina ya mafaili yakaonekana yote bila upungufu. Wiki iliyofuata nilipofungua video ya ukumbini iligoma; nyingine ilicheza nusu dakika ikaganda; picha zikawa zinaonyesha kilemba cha bwana harusi na paji la uso, kisha kuanzia machoni kwenda chini ni rangi ya kijivu tupu. Nilipokata tamaa nikalifungua kasha kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kibao kidogo cha saketi kilichochomekwa memori kadi ya simu, ile ya ukubwa wa ukucha, na pembeni yake nati mbili za chuma zilizogandishwa kwa gundi ili mtu akiishika mkononi aone ina uzito.

Utapeli huu unawezekana kwa sababu kompyuta haiupimi ukubwa wa diski, bali huiuliza, na diski hujibu. Programu iliyo ndani ya kidhibiti cha diski ikibadilishwa ili ijibu uongo, kompyuta huamini. Nafasi halisi inapojaa, data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani au hupotea moja kwa moja, lakini orodha ya majina hubaki, na ndiyo maana mtu haoni tatizo mpaka siku anapoihitaji kazi yenyewe. Tena fikiria ukubwa wenyewe: diski za kuzunguka za kutia mfukoni, zile za inchi 2.5, zimefika terabaiti 6 tu, na SSD ya mkononi ya terabaiti 8 bei yake inakaribia ya laptopu nzima. Terabaiti 16 kwa shilingi 85,000 haitoki popote.

Kwa hiyo diski yoyote utakayonunua, hata kama duka ni la kuaminika na risiti ya EFD umepewa, ipime kabla ya kuikabidhi kazi ya mteja. Kwenye Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw, na kwenye Mac na Linux ipo F3. Zote mbili huijaza diski mpaka mwisho kwa data inayojulikana, kisha huisoma yote na kulinganisha. Kazi hiyo ni ndefu: diski ya terabaiti 2 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde itachukua saa tano na nusu kujazwa, na nyingine kama hizo kusomwa, basi iache usiku kucha. Kubaliana na muuzaji mapema kwamba utaijaribu na kuirudisha ikifeli. Anayekataa sharti hilo, mshukuru uondoke. Usishtuke, hata hivyo, ukiona diski ya terabaiti 1 inaonyesha gigabaiti 931. Huo si wizi. Kiwanda huhesabu kwa makumi na Windows huhesabu kwa mbili zinazozidishwa zenyewe kwa zenyewe, na tofauti hiyo ni ya hesabu tu.

Sasa suala la SSD au ya kuzunguka. Wengi hapa watakuambia SSD bila kufikiri, kwa kuwa ina kasi na haiumii ikianguka, na katika hayo mawili wanasema kweli. Lakini wewe hutafuti diski ya kuhariria, unatafuta ghala. Diski ya kuzunguka bado ni nafuu sana kwa kila gigabaiti, na ikianza kuugua mara nyingi hutoa dalili: inakuwa nzito, inatoa sauti, au takwimu zake za afya zinabadilika. SSD mara nyingi hufa ghafla, asubuhi ipo na jioni haipo. Isitoshe, SSD hushikilia data kwa chaji ya umeme ambayo huvuja polepole ikikaa muda mrefu bila kuchomekwa, na joto huharakisha uvujaji huo, hasa kama SSD yenyewe imeshatumika sana. Kuifungia kabatini miaka mitatu katika chumba chenye joto la pwani yetu si matumizi yake. Mimi ninayo SSD moja ndogo ya kutembea nayo kazini, na ghala langu ni la diski za kuzunguka.

Jambo moja tu usilichukulie kuwa ubovu: diski nyingi za mfukoni za kuzunguka huandika mistari ya data ikilaliana kama vigae vya paa, na ukizipakia mamia ya gigabaiti mfululizo, baada ya muda kasi hushuka sana. Iache imalize.

Yenye uzito zaidi katika swali lako ni ile sentensi ya mwisho, uliposema unataka kuhamishia kazi zote kwenye diski ili kompyuta ipumue. Ukihamisha, bado unayo nakala moja. Umebadilisha tu mahali ilipo, tena umeitoa mahali palipotulia ukaiweka kwenye kitu kinachobebwa, kinachoanguka na kinachoibwa. Nalijua hili kwa uchungu. Baada ya ile ya nati nilinunua diski halisi, nzuri kabisa, nikaipima, ikafaulu, nikahamishia kazi za miaka miwili na kuzifuta kwenye kompyuta. Jioni moja ilikuwa mezani inanakili, mtu akapita, waya ukamnasa mguuni, diski ikaanguka sakafuni kutoka kimo cha goti. Haikupasuka, wala haikuwa na mkwaruzo. Nilipoichomeka tena ikaanza kulia tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tik, tik, tik. Ndani ya diski hizo kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele mara maelfu, na pigo dogo likija wakati sahani inazunguka linatosha kukigongesha. Fundi aliisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, akaniambia hiyo haifunguliwi mezani kwake, inahitaji chumba kisicho na vumbi kabisa, na bei aliyoitaja ilizidi nilichokuwa nimelipwa kwa harusi zote zilizokuwamo. Kati ya kazi hizo kulikuwa na mteja ambaye hakuwa amekuja kuchukua albamu yake. Sitaki kuyaeleza mazungumzo yetu.

Tangu siku hiyo sinunui diski moja kubwa, nanunua mbili za wastani. Kwa hali yako, badala ya kutafuta moja ya terabaiti 4, tafuta mbili za terabaiti 2, ikiwezekana za kampuni tofauti au zilizonunuliwa siku tofauti, ili kama toleo moja lina kasoro ya kiwandani zisife pamoja. Mojawapo yangu inakaa ofisini. Ya pili inakaa kwa dada yangu, mtaa mwingine kabisa, na kila mwisho wa mwezi nikienda kumsalimia tunabadilishana, namwachia hii nachukua ile. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ambayo watu wa kazi hii huitaja kwa tarakimu 3-2-1: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja iwe mbali na nyumbani. Kwa dada ndiyo hiyo moja ya mbali. Wengine watakushauri uweke mtandaoni, nami sipingi, ila piga hesabu ya bando kwanza: gigabaiti 400 kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni siku saba na zaidi bila kupumzika. Mimi napandisha picha zilizokwisha kuhaririwa tu, video ghafi zinabaki kwenye diski.

Umeuliza pia kama unaweza kuiacha imechomekwa wakati wote. Hapana. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kitakachoikuta kompyuta kitaikuta na diski. Na virusi vile vinavyofunga mafaili na kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, hufunga kila diski ambayo kompyuta inaiona wakati huo. Ichomeke, nakili, ichomoe kwa utaratibu, irudishe kabatini. Kunakili kwenyewe unaweza kutumia Historia ya Mafaili ya Windows, Time Machine ya Mac, au programu ya bure kama FreeFileSync, lakini uwe makini na mpangilio wa kioo, ule unaofanya diski ifanane kabisa na kompyuta: ukifuta folda kwa bahati mbaya kwenye kompyuta, programu nayo itaifuta kwa uaminifu mkubwa kwenye nakala. Chagua mpangilio unaotunza matoleo ya zamani.

Kuhusu muundo wa diski, yaani namna inavyopanga mafaili ndani yake, kwa kuwa mhariri wako anatumia Mac na wewe Windows, utashawishika kutumia exFAT, ambayo zote mbili huisoma na kuiandika. Inafaa kwa diski ya kutembea nayo. Kwa ghala sishauri, kwa sababu exFAT haiweki kumbukumbu ya hatua inazofanya, na ukiichomoa ghafla au umeme ukikatika katikati, orodha ya mafaili inaweza kuvurugika. Ghala langu ni NTFS. Mac inaisoma bila tatizo, haiandiki tu, na kwangu hiyo ni faida, maana mhariri hawezi kufuta kitu. FAT32 iache kabisa, haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na video ya hotuba ya mshenga tu inavuka hapo.

Waya usiudharau. Diski nyingi zilizoletwa kwangu kwamba zimekufa zilikuwa na waya uliolegea, hasa zile zenye kichwa kipana bapa cha USB 3.0 ambacho hutikisika baada ya mwaka mmoja. Tumia waya mfupi, uchomeke kwenye kompyuta yenyewe na si kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, kwa sababu diski isiyoshiba umeme nayo hulia tik tik kama iliyovunjika. Na uchomeke kwenye tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina ulimi wa buluu ndani. Kwenye lile la zamani kazi ya saa moja itakula saa tatu.

Sisi tunaokaa karibu na bahari tuna adui wa ziada, unyevu wa chumvi. Mimi nazitunza diski katika kontena la plastiki la chakula linalofunga kabisa, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mke wangu bado anadai kontena lake.

Fungia pia data kwa nenosiri, kwa BitLocker kama Windows yako ni ya Pro, au kwa VeraCrypt. Picha za harusi za watu, nyingine za ndani ya chumba cha bibi harusi akivishwa, si za kuokotwa na aliyekuibia begi kwenye daladala, na tangu ilipokuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kutunza taarifa za wateja si suala la adabu tu. Ule ufunguo mrefu wa dharura unaopewa na BitLocker uandike kwenye karatasi uuweke mbali na diski, kwa sababu ukiupoteza pamoja na nenosiri, hakuna fundi wa kukusaidia.

Kila mwezi ninapobadilishana na dada, hufungua mafaili matatu yoyote na kuyatazama mpaka mwisho, maana jina kuonekana nilishaona halithibitishi kitu. Halafu naangalia afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo: zikianza kuonekana sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizohamishwa kwa ubovu au zinazosubiri kuhamishwa, na idadi ikawa inapanda, diski hiyo inastaafu wiki hiyohiyo hata kama bado inafanya kazi.

Umesema Jumamosi hii una kazi na diski bado hujanunua. Basi usizifute memori kadi za kamera. Zifunge, ziandike tarehe kwa kalamu, uzitunze mpaka kazi iwe imeingia kwenye diski zote mbili na umeifungua kwenye kila moja. Ukishanunua, weka hapa picha ya matokeo ya H2testw tuyasome pamoja.